Mfuko Nimeuhamishia Nje

Kitale, nyumbani

Nasimiyu mama,

Utakapoifungua barua hii, mimi nitakuwa nimeshageuza kurudi Kitale. Nimeiweka ndani ya sanduku lako la bati, juu ya taulo, kwa sababu nakujua: ukifika mahali pageni, kitu cha kwanza ni kutafuta maji unawe uso. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo kesho, lakini na wewe unanijua. Baba yako akiogopa, hutania. Kesho nitatania kutoka hapa mpaka Bungoma. Nitaicheka kofia ya kondakta, nitauliza kama sare za shule yenu zilibuniwa na fundi au na mtu aliyekosana na mafundi, na pale langoni pengine nitamtania hata mlinzi. Usidanganyike. Kadiri utakavyoniona nikicheka, ndivyo ujue hofu imezidi.

Mambo ya kila siku sitayarudia. Sindano, chakula, kuosha miguu, dawa kukaa kwenye friji ya shule lakini si kule juu kunakogandisha barafu, hayo yote mama yako amekuimbia tangu matokeo yako ya darasa la nane yalipotoka, na wewe unayajua kutuzidi sisi wote. Mimi nataka kukuandikia juu ya mifuko. Mimi ni fundi wa nguo, niandike juu ya nini kingine?

Lakini kabla ya mifuko kuna maji, kwa kuwa ndipo nilipoanzia kukosea.

Ulikuwa darasa la tatu. Ukaanza kunywa maji kupita kiasi, ukaanza kukojoa kitandani, wewe ambaye ulikuwa umeacha zamani. Mama yako alisema mtoto huyu haumwi kawaida. Mimi nikasema ni uvivu wa kutoka nje usiku, msichana mkubwa namna hii. Nikatoa amri kama hakimu: jua likizama, hakuna maji. Mtungi nikaupandisha juu ya kabati ambapo hungefika. Nilijiona mzazi mwenye akili sana.

Jioni moja nikakukuta nyuma ya cherehani, umechuchumaa, umeinua lile bakuli langu la maji ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Unalikumbuka bakuli hilo, la plastiki, halikosi vipande vya uzi na vumbi la makaa. Ulikuwa unakunywa. Nilikukaripia. Ukanitazama juu ya ukingo wa bakuli, midomo imekauka imepasuka, na hukuliweka chini. Hukuwahi kunikaidi kabla ya siku hiyo, nami nikakasirika badala ya kushtuka. Siku chache baadaye mama yako alikubeba mgongoni kwenda hospitali, umekonda, unapumua kama umetoka kukimbia, na mimi nikifuata nyuma nikisema ni malaria.

Daktari aliposema ni ugonjwa wa sukari, nilibishana naye. Nilimwambia kwetu sukari ni ya chai tu, na hata hiyo mtoto huyu hapewi nyingi. Kukhu wako, mama yangu, alikuja kutoka Chwele na kuku chini ya kwapa, akaketi kando ya kitanda chako akaamua kesi yote. "Sukali ni ugonjwa ya wazee wenye gari," akasema. "Huyu mtoto ana gari gani?" Tulicheka, hata yule sista wa kliniki ya sukari aliyekufundisha kujidunga alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Ilikuwa hofu.

Sasa mfuko.

Mama yako alitaka twende shuleni siku ileile uliyotoka hospitali, tumwambie mwalimu wako kila kitu. Nilikataa mimi. Miaka ile, mtoto akikonda na kuonekana na sindano, watu walikuwa na jibu moja tu, ukimwi, na baada ya jibu hilo hawakuuliza swali lingine. Hawangesema mbele yetu. Wangeacha tu kukupa kikombe. Na wazazi wa shule yako ndio hao hao waliokuwa wakiniletea vitambaa vya sare. Nilijiambia nakulinda wewe, na kweli nilikuwa nakulinda, lakini nilijilinda na mimi pia. Nikamwambia mama yako tungoje kidogo. Mzazi akitaka kukwepa jambo, huliita kungoja kidogo.

Sista alikuwa ametuambia usitembee bila kubeba glukosi au sukari, maana dawa ile ya sindano ikikuzidi nguvu, sukari ya damu hushuka ghafla na mtu huweza kuzimia. Basi nikakushonea mfuko. Niliuweka ndani ya ukanda wa sketi, chini ya bitana, bapa kabisa, na kifungo kidogo. Kutoka nje hakuna aliyeweza kuuona. Mama yako aliupapasa akashindwa kuupata. Nimeshona suti za maharusi, nimeshona joho za kwaya nzima, lakini sijawahi kushona kitu kwa ustadi kama ule mfuko. Niliuringia. Nilikuonyesha jinsi ya kuufungua: unaingia chooni, unafunga mlango, unainua sketi, unatoa.

Ulifanya hivyo miaka mitatu bila mtu kujua, na mimi nikaona nimeshinda.

Ile siku ya darasa la sita hatujawahi kuizungumza vizuri, wewe na mimi. Wewe huipitia kwa haraka na mimi huingiza utani. Leo niache niieleze nilivyoiona mimi. Shule ilikuwa na wageni, uji wa saa nne ukacheleweshwa, halafu mkaingizwa kwenye mtihani bila kuunywa. Ulikuwa umejidunga asubuhi. Uliniambia baadaye kwamba herufi ubaoni zilianza kutembea, jasho likakutoka, ukajua. Ukainua mkono ukaomba kwenda chooni. Mwalimu akakataa, akidhani unataka kutazamia majibu. Ukaomba tena, sauti imeshakuwa ya kulewa, naye akakuamuru upige magoti mbele ya darasa. Sukari ilikuwa kiunoni mwako. Lakini kuifikia ilibidi uinue sketi mbele ya wavulana, kwa kuwa ndivyo baba yako alivyokuwa ameupanga mfuko. Ukapiga magoti. Halafu ukaanguka.

Wenzako walikuja mbio mpaka kibandani kwangu. Nilitoka na mkasi mkononi, sikukumbuka kuuweka chini, na pale sokoni watu walinipisha wakidhani nakimbiza mwizi. Nilikukuta umelazwa kwenye baraza ya darasa. Mmoja alikuwa anakupepea kwa daftari, mwingine anakumwagia maji kichwani, mpishi alikuwa anaomba kwa sauti. Mtu akasema malaria imepanda kichwani. Wote walikuwa watu wazuri, Nasimiyu. Wote walitaka uamke. Hakuna aliyejua la kufanya, na aliyejua alikuwa ameketi sokoni akishona kola.

Nilikata ule ukanda wa sketi kwa mkasi mbele ya shule nzima. Nikatoa glukosi iliyofungwa kwenye karatasi, nikakupaka kwa kidole ndani ya shavu na kwenye fizi, kidogo kidogo. Mwalimu wako alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Aliitazama ile karatasi, akautazama ukanda uliokatwa, akasema polepole:

"Fundi, kwani ilikuwa hapa wakati huu wote?"

Tulikupakia kwenye pikapu ya mgeni mmoja tukakukimbiza hospitali, wakakutundikia maji ya sukari mshipani, na ulipofumbua macho ulitazama kiunoni ukauliza, "Baba, nani amekata sketi yangu?" Nikakuambia ni fundi fulani mbaya. Ukatabasamu. Nikatoka nje nikaegemea ukuta.

Kuna jambo hulijui. Yule mwalimu alikuja kibandani jioni yake, akalia. Alisema yeye ndiye aliyekunyima ruhusa, asingejisamehe. Na mimi nilimwacha alie. Nilimpa kigoda, nikampa chai, nikamwacha aende nyumbani na mzigo ambao zaidi ya nusu yake ulikuwa wangu. Yeye angejuaje? Mtoto ameomba kwenda chooni wakati wa mtihani, mwalimu gani asingekataa? Juzi nilimtafuta nikamwambia. Alikuwa na mjukuu begani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza wewe umeitwa shule gani. Nilipomwambia, alifurahi mpaka mjukuu akaamka.

Baada ya siku ile kila mtu alijua, nawe ukalipa kwa kujulikana. Nakumbuka vizuri. Walikutoa kwenye timu ya mpira wa wavu. Walikukataza kuchota maji, kufagia, kukimbia. Wakakupa jina, Sukari, na ukipita mtu anasema usimguse, atavunjika. Chakula cha sherehe kikija, wanakuruka. Kwa hiyo majuzi uliponijia na kitambaa cha sketi mpya, ukaniambia, "Baba, nishonee ile ya ndani. Huko hakuna anayenijua. Nataka nianze kama wengine," sikushangaa. Nilikubali papo hapo. Wewe huombi vitu. Nikaushona ule mfuko wa zamani, bapa, chini ya bitana, na nikasema kweli wakati nakuambia kwamba nimeushona vizuri kuliko wa kwanza.

Halafu nikaenda Bungoma kuiona shule, kama nilivyokuambia. Nilichokuficha ni kwamba kabla ya hapo nilikuwa nimepita kwenye ile shule ya kutwa hapa Kitale kuuliza kama wana nafasi. Nilitaka nikubakize. Mama yako aliponusa jambo hilo alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona tangu tuoane. Aliniambia mtoto huyu amesoma akijidunga sindano, amefaulu akijidunga sindano, na mimi sasa nataka kumfungia ndani kwa sababu ya usingizi wangu.

Basi Bungoma nikamwona matroni wa bweni lenu. Mama mnene, ana sauti ya kuita watu walio shamba la pili. Nilimweleza kwamba mtoto wangu ana ugonjwa wa sukari na lazima awe na glukosi au peremende karibu naye kila wakati. Akanitazama kama mtu aliyeniona nikimwaga mafuta ya taa jikoni.

"Mzee, mtu ya sukari na peremende? Si ndio mtamuua? Halafu hapa vitu tamu tunanyang'anya siku ya kwanza."

Nasimiyu, pale nilitaka kuitikia na kuondoka. Nikafikiria mfuko wa ndani. Nikajiambia asipojua, hatanyang'anya. Nilikuwa nimeshashika kofia. Sijui ni nini kilichonikalisha tena. Pengine ni kwamba chumba kilikuwa na harufu ya sare mpya, harufu ya kazi yangu. Nikamsimulia ile siku, baraza, mkasi, kila kitu, na sikuweka utani hata mmoja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisema kwa mdomo. Nikamwambia sukari ikipanda ni ubaya wa polepole, lakini ikishuka ni jambo la dharura, na dawa ya kushuka ndiyo hizo peremende. Nikamwambia akikukuta umezimia asikumiminie kitu mdomoni ukapaliwa, bali akulaze ubavu, akupake kidogo ndani ya shavu na atafute gari. Akachukua kalamu. Aliniuliza maswali mazuri. Akakubali ubaki nazo, na akasema atamwambia mwalimu wa michezo akuache ucheze kama wengine mradi umekula.

Nilikuwa nimeshasimama, nikihisi mwepesi, ndipo akaniuliza:

"Na mimi nalala huko chini karibu na jikoni. Usiku akizidiwa, nani ataniita?"

Swali hilo mpaka leo halijaniacha nilale.

Unajua ninachofanya usiku. Unajifanya umelala, lakini najua unajua. Tangu darasa la sita, kila usiku nimekuja kitandani kwako nikakugusa shingoni, hapo chini ya sikio, kuona kama kuna jasho la baridi. Kukiwa kukavu narudi kulala. Kukiwa na maji nakuamsha, nakupa sukari, unanung'unika kwamba nakuharibia ndoto. Ulianza kunifukuza ulipofika darasa la nane, ukisema umekuwa mkubwa, nikawa nangoja mpaka nisikie unapumua kwa uzito ndipo nije. Jana usiku nilikugusa. Kulikuwa kukavu. Nilisimama hapo muda mrefu, kwa sababu sikujua nani atakayegusa hapo wiki ijayo.

Naogopa, Nasimiyu. Niliandike hivyo lilivyo, kwa kuwa kesho halitatoka. Naogopa bweni lenye vitanda vingi na taa zilizozimwa. Naogopa wenzako wakupite asubuhi wakisema mwacheni, amechoka. Naogopa simu. Nitaichaji kila siku kwa kinyozi, sitaacha izime, na kila itakapoita kwa namba nisiyoijua, kabla sijapokea, nitakuwa tena pale barazani na mkasi mkononi. Mtu atakuwa anataka kuuliza bei ya kaptura, nami nitamjibu nikihema.

Kwa hiyo nimevunja ahadi niliyokupa. Chukua sketi zote mbili uzitazame. Mfuko wa ndani nimeufumua. Nimeuhamishia nje, upande wa kulia, mkono unapoangukia wenyewe, na mdomo wake nimeudarizi kwa uzi mwekundu. Unaonekana ukiwa mbali. Kwa fundi ni kazi mbaya, mwenzangu yeyote akiuona atasema nilishona nikiwa nimelewa. Halafu itazame foronya ya mto wako. Nimeweka mfuko mwingine hapo kwenye ncha, mwekundu vilevile, kwa sababu usiku hulali na sketi. Matroni amesharuhusu.

Utanikasirikia. Una haki, umeniomba kitu kimoja na nimekunyima. Najua ulivyotaka kuingia huko bila jina, na mimi ndiye niliyekufundisha kwamba usalama ni kutojulikana. Nilikufundisha vibaya. Walikuita Sukari kwa sababu walijua nusu tu ya jambo, wakaijua kwa kishindo, siku ya hofu, kutoka kwa mtu mwenye mkasi. Hawakuwahi kuisikia kutoka kwako, ukiwa umesimama wima na afya yako, ukiisema unavyotaka wewe. Sikuwahi kukupa nafasi hiyo. Mfuko wa ndani ulikuwa umeshaizungumza kwa niaba yako.

Sikuombi uliambie darasa zima. Hata bweni zima sikuombi. Nakuomba mtu mmoja tu.

Hivi sasa ninavyokuwazia, umeketi kwenye ukingo wa kitanda na barua mkononi, na kwenye kitanda cha jirani kuna msichana mwingine anatoa vitu vyake sandukuni, naye pengine analia kimyakimya na kujifanya anatafuta soksi. Simjui jina. Sijui ametoka Endebess au Kachibora au wapi. Yeye ndiye ninayemwogopa na ndiye ninayemtumaini. Usimwambie kesho, wala mkishazoeana. Kungoja kidogo ni ugonjwa wa baba yako, usiurithi. Mwambie kabla hamjazimiwa taa. Mwonyeshe mfuko mwekundu, afungue yeye mwenyewe, ajue kilichomo. Mwambie matroni analala wapi.

Halafu ushike mkono wake uupeleke hapo shingoni, chini ya sikio. Acha aguse pakiwa pakavu, ajue palivyo.

Baba yako